Bustani iliyogeuka pori: nilipokosea na ninavyofanya sasa

Kosa langu la kwanza lilikuwa pupa. Niliikuta bustani majani yananifika kiunoni, nikashika fyekeo, na siku ileile nikaiteremsha yote hadi chini, ikabaki kama kichwa kilichopitishwa wembe. Jioni nikajipongeza. Wiki mbili baadaye nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya makapi, na penye upara zimejaa ndago, yale magugu yanayofanana na nyasi.

Nyasi zikirefuka sana, majani mabichi huwa juu na chini hubaki mabua matupu. Ukizikata hadi kwenye mabua, umeziondolea majani yanayozilisha, na mizizi inadhoofika. Siku hizi nakata theluthi moja tu ya urefu, naziacha siku kadhaa zichipue, kisha narudi. Fyekeo kwanza, mashine baadaye, na kisu chake nakipandisha juu kabisa. Kabla ya yote vaa buti, pita ukipapasa kwa fimbo ndefu. Mimi niliopoa chupa zilizovunjika na waya mrefu, na nyoka nao hupenda maficho kama hayo.

Sasa ndago. Hii ndiyo iliyonitoa jasho. Ukiivuta, jani linakatika kiulaini, unadhani umeshinda. Siku moja nilichimba mche mmoja taratibu kwa uma wa bustani, nikaufuata uzi wake mwembamba ardhini. Kikatokea kiazi cheusi kidogo kama punje ya kunde, uzi ukaendelea, kikaja cha pili, kikaja cha tatu. Kila kimoja kinaweza kuota mmea wake! Ndiyo maana jembe lilinizidishia balaa: nilikuwa navitenganisha na kuvisambaza. Dawa yangu ni kuchimba udongo ukiwa na unyevu, kuchambua kwa mkono, na kurudi kila inapochipua, kabla haijatunga viazi vipya. Usivitupe kwenye mboji. Vianike kwenye jua kali hadi vikauke kabisa.

Vichaka vya maua usiving'oe kwa kuvitazama tu. Kwaruza gome kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, tawi li hai. Toa yaliyokufa, kisha punguza matawi makongwe kidogo kidogo, mengine uyaachie mwaka unaofuata. Nilikaribia kutupa kimoja ambacho leo ndicho kinachochanua kuliko vyote.

Penye upara, toboa udongo kwa uma, pandikiza vipande vya nyasi kutoka sehemu iliyonawiri, mwagilia. Zikishashika, maji mengi mara chache ni bora kuliko kunyunyiza kila siku, kwa sababu mizizi hufuata maji chini.

Chini ya mti mkubwa nilipandikiza mara tatu, zikafa mara tatu. Kivuli ni kizito, na mizizi ya mti inakunywa yote. Nimeacha ubishi, pale nimetandaza majani makavu na kuweka kiti.