Kutoka g hadi futi kwa sekunde mraba: tuzidishe kwa ngapi?

SWALI: Nahudumia pampu na feni kiwandani. Sensa yangu ya mtetemo imeandikwa 100 mV/g (milivolti 100 kwa kila g) na inanionyesha 1.8 g. Mwongozo wa mashine umetoka Marekani. Ukurasa mmoja unataja kikomo kwa ft/s² (futi kwa sekunde mraba), mwingine kwa in/s² (inchi kwa sekunde mraba). Mmoja ananiambia nizidishe kwa 32, mwingine kwa 32.2, mwingine kwa 386. Ipi ni sahihi? Na mbona mwenzangu akiunganisha sensa hiyohiyo kwenye kifaa chake anasoma zaidi ya 17 g?

JIBU: Namba zote tatu zina asili moja. Kipimo cha g, yaani mchapuko (kasi ya kuongezeka kwa mwendo) unaoletwa na mvutano wa dunia, kilikubaliwa kimataifa mwaka 1901 kuwa 9.80665 m/s², na futi moja ni mita 0.3048 kamili. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata 32.174 ft/s². Futi ina inchi 12, kwa hiyo g moja ni 386.09 in/s². Hapa wengi hukosea kwa kuzidisha 12 mara mbili kwa sababu wameona alama ya mraba. Mraba huo ni wa sekunde, si wa inchi; 12 inaingia mara moja tu.

Usomaji wako wa 1.8 g basi ni 57.9 ft/s², au 695 in/s², au 17.65 m/s². Ukitumia 32.2 unapotoka kwa chini ya asilimia 0.1, ukitumia 32 kwa karibu asilimia 0.5. Sensa nyingi za viwandani zina uvumilivu wa asilimia 5 au 10, kwa hiyo kosa hilo halitakuharibia uamuzi. Hata hivyo andika 32.174 kwenye jedwali lako la kompyuta, kwa sababu namba ikishaingia kwenye fomula hakuna anayerudi kuikagua.

Namba ya mwenzako inajieleza yenyewe: 17.65 ni 1.8 mara 9.8. Ama kifaa chake kinaonyesha m/s² naye anasoma kama g, ama ameingiza unyeti wa 10.2, ambao ni wa milivolti kwa kila m/s², kwenye nafasi inayotaka mV/g. Akague mipangilio yote miwili. Kosa la mara 9.8 ni hatari, maana mashine nzima inasimamishwa bure. Likiwa upande wa pili, beringi inayokufa inaonekana salama.

Usibadilishe g kulingana na mahali ulipo. Mvutano halisi wa dunia ni kama 9.78 m/s² karibu na ikweta na 9.83 kwenye ncha, lakini g ya kwenye sensa ni ileile kila mahali. Tofauti hiyo utaiona pale tu unapokagua sensa inayohisi mvutano tuli, kama iliyomo kwenye simu, kwa kuilaza kisha kuigeuza juu chini. Toa usomaji wa pili kwenye wa kwanza, gawanya kwa mbili: Dar es Salaam au Nairobi tarajia karibu 0.997, si 1.000. Sensa haijaharibika. Sensa ya piezo, ambayo hutoa umeme fuwele yake inapobanwa, haihisi mvutano tuli kabisa, kwa hiyo usiikague hivyo.

Kabla ya kulinganisha na mwongozo, angalia kama kikomo ni cha kilele (usomaji wa juu kabisa) au cha RMS (mzizi wa wastani wa miraba ya usomaji). Mtetemo wa wimbi safi la sine una kilele cha RMS mara 1.414. Beringi iliyochubuka hutoa mapigo makali, na hapo 1.414 haifai: kifaa chenyewe kipime kilele.

Angalia pia kama kimeandikwa in/s² au in/s tu. Miongozo ya Marekani hupenda in/s, ambayo ni kasi, si mchapuko, na hakuna namba moja ya kutoka g kwenda huko. Lazima ujue frikwensi. Kwa mtetemo wa frikwensi moja, zidisha g kwa 61.45, gawanya kwa hezi. Mashine ya mizunguko 1,500 kwa dakika ina 25 Hz, 0.12 g RMS hapo ni 0.295 in/s RMS, yaani 7.5 mm/s. Mchapuko huohuo kwenye 250 Hz ni sehemu ya kumi tu ya kasi hiyo.

Ukifika kwenye nguvu, mambo ya Marekani yanataka uangalifu zaidi, kwa sababu pauni hutumika kwa uzito na kwa nguvu pia. Kama mchapuko uko kwa g, zidisha moja kwa moja: sehemu ya pauni 220 inayotikiswa kwa 1.8 g inapata nguvu ya pauni 396, mbali na uzito wake wenyewe. Ukizidisha 220 kwa 57.9 utapata zaidi ya 12,700, na boliti utakazochagua zitakuwa za kutisha. Ukiwa na ft/s² gawanya jibu kwa 32.174, ukiwa na in/s², kwa 386.09.