Kwa nini madoa ya spinachi hayafutiki hata baada ya kupiga dawa

Ndugu yetu wa Kayole ameuliza kwa nini spinachi yake imebaki na madoa ingawa amepiga dawa aliyouziwa kwenye agroveti, na kwa nini tuta linalopigwa na jua kutwa ndilo lililoathirika zaidi. Nimelima spinachi Kasarani kwa muda mrefu, na madoa anayoyaeleza, ya mviringo, yenye kitovu cha kijivu na ukingo wa rangi ya damu ya mzee, nayafahamu vizuri. Ukilitazama doa kwa lenzi utaona vitone vyeusi katikati, na hapo utakuwa na uhakika kuwa ni kuvu aina ya Cercospora beticola, ambaye hushambulia pia bitiruti.

Kuvu wa jamii hii hutengeneza sumu nyekundu iitwayo sekosporini, iliyotambuliwa Japani mwaka 1957 kutoka kwa kuvu wa soya. Gizani sumu hiyo haina makali. Ikipigwa na mwanga, hunyonya nishati na kuihamishia oksijeni iliyomo ndani ya jani, na oksijeni hiyo iliyochangamshwa huyavamia mafuta yanayojenga utando wa seli. Utando hupoteza ulaini wake na kuanza kuvuja. Potasiamu na sukari hutoka na kuingia katika nafasi zilizo kati ya seli, ambamo kuvu amejibanza na ndimo anamojipatia chakula. Kuvu mwenyewe hadhuriki, kwa kuwa huibadilisha sumu iliyomo mwilini mwake isiwe kali, na vitamini B6 anayoitengeneza humkinga pia. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kustaajabisha kuliko yote katika ugonjwa huu: jua linalolilisha jani ndilo linaloiwasha sumu.

 

Dawa, basi, humzuia kuvu lakini haifufui seli zilizokufa, kwa hiyo doa la zamani litabaki palepale hata kama dawa imefanya kazi barabara. Pima matokeo kwa majani machanga yanayochipuka katikati ya shina. Ukirudia kupiga, badilisha aina ya dawa, maana kuvu huyu huzoea haraka. Usikimbilie kufunika tuta kwa neti ya kivuli, kwani majani yatakawia kukauka na unyevu ndio unaootesha spora, yaani mbegu za kuvu. Chuma majani ya nje yenye madoa uyatoe kabisa shambani, na maji uyamwage kwenye shina, asubuhi.