Mwenye pepopunda hashikwi na degedege

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri kijarida cha afya kuhusu pepopunda. Nimeandika: "Mgonjwa hushikwa na degedege kwa sababu ya ugonjwa wa uti wa mgongo." Mwenzangu ameikataa sentensi hii bila kunipa nyingine. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amefanya vizuri kuikataa. Mama akiisoma sentensi hiyo kliniki ataelewa homa ya uti wa mgongo, ambayo kweli huleta degedege. Utakuwa umempeleka kwenye ugonjwa mwingine kabisa.

Degedege kwa kawaida tunalisema kwa mtoto mdogo, aghalabu mwenye homa: macho yanageuka, mikono na miguu inarukaruka, hana habari. Mwenye kifafa huanguka. Mambo yote mawili huanzia kwenye ubongo. Mwenye pepopunda ni tofauti: taya limekaza, mgongo umepinda kama upinde, na mlango ukibamizwa tu anakaza upya, huku akili yake ikiwa timamu na maumivu yote anayasikia. Kitenzi chake ni kukakamaa.

Sasa "uti". Tunaposema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, tunafikiria mfupa unaoubeba mwili. Sumu ya pepopunda haina shida na mfupa. Inakwenda kwenye fungu la neva lililo ndani yake, ambalo wataalamu huliita ugwe mgongo. Ugwe ni kamba, ndugu yake kigwe. Mimi nalipenda neno hili, ila kwa kuwa wengi hawajalizoea, lifafanue pale linapotokea mara ya kwanza.

Kuna pia kemikali ambazo neva hupashana habari kwazo. Usiandike kwamba sumu "inaziua", inazuia zisitolewe. Glisini na GABA ndizo breki za neva zinazoamuru misuli, na zisipotolewa, amri ya kukaza haina wa kuituliza.

Ningeandika hivi: "Sumu ya pepopunda hufika kwenye ugwe mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, ikazuia kutolewa kwa glisini na GABA, kemikali zinazotuliza neva za misuli. Ndiyo maana mgonjwa hukakamaa, naye ana fahamu zake."

Maneno manne ya mwisho usiyafute hata nafasi ikibana. Wanaomuuguza wakidhani ni kifafa, watazungumza kando ya kitanda kana kwamba hasikii.