Spana za babu zilizoandikwa W

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mkulima wa tumbaku Urambo, mkoani Tabora. Marehemu babu yangu, naye mkulima, alikuwa makenika wa magari ya jeshi huko Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na aliporudi alitengeneza matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza hapa hapa Urambo kabla ya kugeukia shamba moja kwa moja. Ametuachia sanduku la spana. Iliyoandikwa 3/8 W nimeipimisha kwa fundi wa kereza, ikatoa milimita 18, ilhali inchi 3/8 hazifiki hata milimita 10. Nyingine ya 7/16 W ina mdomo wa milimita 22 na ushei. Baadhi zina alama ya mshale, na baba mdogo anahofu kwamba mzee aliziiba. Je, zimekosewa, zimelika, au mimi ndiye nisiyejua kuzisoma? Naweza kuzitumia kwenye pawatila?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Spana ya kwanza haina kasoro. Wewe na mimi tumezoea spana za milimita, ambazo namba yake ni upana wa mdomo. Herufi W ni ya Joseph Whitworth, mhandisi Mwingereza aliyependekeza vipimo vya hesi za bolti, yaani ile mifereji inayozunguka bolti, mwaka 1841, na katika utaratibu huo namba iliyogongwa kwenye spana hutaja unene wa bolti pale penye hesi, wala haihusiani na upana wa mdomo. Bolti yake ya inchi 3/8 ina kichwa chenye upana wa inchi 0.71, na hizo ndizo milimita zako 18. Kwa hesabu hiyo, 1/4 W ni milimita 13.3, 5/16 W ni 15.2, na 1/2 W ni 23.4.

Ukikuta mdomo mmoja una maandishi mawili, kama 3/8 W na 7/16 BS, usishangae: bolti za BSF (British Standard Fine, ambazo kwenye spana huandikwa BS), ambazo hesi zake zimesongamana zaidi, zilikuwa na kichwa kidogo kwa daraja moja, hivyo spana moja ilitosha kwa zote mbili. Wakati wa vita Waingereza walibana matumizi ya chuma kwa kuvishusha vichwa vya Whitworth daraja hilo hilo, na kwa sababu hiyo makenika wa miaka ile aliweza kukuta bolti mbili za unene mmoja zikidai spana mbili tofauti.

Kisha yalikuwapo magari ya Kimarekani na ya Kanada, ambayo jeshi la Uingereza liliyatumia kwa wingi. Spana zake husomwa kwa upana wa mdomo kama zetu, ila kwa inchi: 1/2 isiyo na W ni milimita 12.7 tu, karibu nusu ya 1/2 W. Bolti zenyewe nazo hazielewani. Ya Whitworth ya inchi 1/2 ina hesi 12 kwa kila inchi, na pembe ya hesi ni nyuzi 55. Ya Kimarekani ina hesi 13, na pembe ni nyuzi 60. Ukizichanganya, nati huingia vizuri mizunguko michache kisha hukwama, na hapo ndipo mwanafunzi wa ufundi huongeza nguvu na kuziua hesi zote. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za mwaka 1944, kwenye matope mazito, na anayelala chini ya lori mahali kama pale hawezi kuwa na muda wa kubahatisha spana. Usumbufu huo ndio uliochangia Marekani, Uingereza na Kanada kukubaliana hesi za aina moja mwezi Novemba 1948, mzee akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Sasa ile ya 7/16 W, ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko zote sandukuni. Mdomo wake ulipaswa kuwa milimita 20.8. Uchunguze kwa ndani: spana iliyolika hupanuka zaidi kwenye ncha kuliko kwenye koo, lakini iliyopigwa tupa huwa na upana mmoja tangu ncha hadi koo, na mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Milimita 22 na ushei ni karibu sawasawa na inchi 7/8 ya Kimarekani. Mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulitegemea sana matrekta chakavu yaliyobaki vitani, mengi yakiwa ya Kimarekani, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Ukiikuta hiyo mikwaruzo, nitaamini kwamba mzee alikuwa na spana ya Kiingereza mkononi na nati ya Kimarekani mbele yake, akachukua tupa.

Mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, lakini baada ya vita vifaa vingi vya jeshi viliuzwa kwa raia, kwa hiyo alama peke yake si ushahidi wa wizi. Mwambie baba mdogo hivyo.

Kwenye pawatila, 3/4 isiyo na W inafaa kabisa kwa nati ya milimita 19. Ile ya 9/16 hushika 14, na 1/4 W hushika 13, lakini zote mbili zina ulegevu kidogo, hivyo zitumie pale tu pasipokazwa sana. Usiitumie 3/8 W kwenye nati ya 17, kwa maana itakula pembe zake. Hapo hata spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika hapa, ni afadhali. Kutu iondoe kwa dizeli na brashi ya waya, bila grainda, maana grainda itafuta maandishi. Na ile ya 7/16 W ipake rangi nyekundu kwenye mpini, kijana wako wa kazi asije akaijaribu kwenye nati ya milimita 21.