Shangazi Anajibu: Mapenzi, Upweke na GPA

*Shikamoo Shangazi. Mpenzi wangu asipojibu meseji siwezi kusoma. Semista iliyopita nimepata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. – Mwaka wa pili, Malimbe*

Marahaba, mwanangu. Akili unayo, ila unaimalizia kwenye simu: daftari liko wazi, na kila baada ya mstari unachungulia kama tiki zimekuwa za bluu. Wanasaikolojia wanaita huko kushikamana kwa wasiwasi: kumng'ang'ania mtu kwa hofu kwamba atakuacha. Mwambie, "Nasoma hadi saa nne usiku, kisha nitakupigia," halafu simu mpe mwenzako wa chumba. Mwenye wasiwasi hutulia akijua saa.

*Mimi sihitaji mtu. Grupu sina, kwa mhadhiri siendi. Mbona GPA inashuka? – Nyegezi*

Wewe ndiye unayenipa hofu zaidi. Wanasaikolojia wanasema baadhi ya wanaojitenga hivi walijifunza mapema kutoomba, kwa sababu walipoomba hawakuitikiwa. Chuoni tabia hiyo inagharimu: umekwama kwenye takwimu wiki ya tatu, unanyamaza mpaka mtihani unakukuta hapo hapo. Tafiti kuhusu wanafunzi zinaonyesha kwamba alama zinaweza kupotea kwa njia hii, kwa kutoomba msaada na kuogopa kushindwa. Wiki hii andika swali moja tu kwenye karatasi. Usimwambie mhadhiri "sijaelewa kitu". Mwonyeshe ulipofika: "Hatua mbili nimezipata, ya tatu inanishinda." Ukijibiwa vizuri mara moja, mara ya pili haitakuwa nzito hivyo.

*Haya ya kushikamana si mambo ya Wazungu? Nimelelewa na bibi Ukerewe, mama akiuza dagaa Kirumba. Ina maana nimeharibika?*

Hata kidogo! Nadharia ya kushikamana, kwamba jinsi ulivyoitikiwa utotoni huathiri unavyowaamini watu, ni ya John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, sawa. Lakini mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyeichunguza kwa macho yake, alianzia Uganda mwaka 1954, katika vijiji vya karibu na Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hili la Victoria, kabla hajafanya majaribio yake Marekani. Mtoto hushikamana na yule anayeitika akilia, na anaweza kuwa na watu wa namna hiyo zaidi ya mmoja. Bibi aliyeitika anatosha kabisa.

*Nikijua mtindo wangu wa kushikamana, GPA itapanda?*

Kwa kujua tu, hapana. Uhusiano kati ya mtindo na alama upo, ila ni mdogo, na mitindo hubadilika mtu akipata watu wa kuaminika. Ada, chakula na usingizi navyo vina uzito wake. Kama bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, limechelewa na unalala njaa, anza na hilo: kesho asubuhi nenda kwa mshauri wa wanafunzi.