Mbona Ishmaeli naye alitahiriwa?

Ndugu, umeuliza: kama tohara ilikuwa alama ya agano la Mungu na Ibrahimu lililopitia kwa mwanawe Isaka, mbona Ishmaeli, mwanawe mwingine, naye alitahiriwa? Soma Mwanzo 17 yote, taratibu. Agizo lilimhusu kila mwanamume wa nyumba ya Ibrahimu, hata mtumwa aliyenunuliwa kwa fedha kutoka kwa mgeni. Siku ile ile Ibrahimu akatahiriwa akiwa na miaka 99 na Ishmaeli akiwa na 13. Isaka alikuwa bado hajazaliwa! Aya ya 20 Ishmaeli anabarikiwa, anaahidiwa maseyidi (yaani wakuu) 12 na taifa kubwa. Lakini aya ya 21 Mungu anasema agano atalithibitisha kwa Isaka. Kwa hiyo alama ilienea kupita ukoo wa ahadi, na kwangu hilo ni jambo zito ambalo tunalipita mbio mno.

Halafu fungua Yeremia 9:25-26. Nabii anaitaja Misri, Yuda, Edomu, Amoni na Moabu kwa pamoja kati ya waliotahiriwa mwilini, kisha anasema nyumba yote ya Israeli hawakutahiriwa mioyo. Kumbukumbu la Torati 10:16 ilikwisha kuwaagiza watahiri mioyo yao.