Uliza Fundi wa Redio: Wameniandikia 578C, hiyo C ni ya nini?

SWALI: Jambo mukubwa. Niko hapa Bukavu, Muhumba, nilijitengenezea transmita ndogo ya Morse ya 7 MHz, kibali niko nacho. Mwenzangu aliyenisikia akaniandikia 578C. Hiyo C ni nini, na nitajipima namna gani mwenyewe, osiloskopu sina?

JIBU: Ndugu, huyo ni mtu wa kweli, mshukuru. Siku hizi wengi, na kwenye mashindano njo kabisa, wanamtupia kila mtu 599, alama za juu kabisa, hata kama sauti inakwaruza. Zako ni hivi: 5 unasomeka bila shida, 7 nguvu ipo, 8 mlio karibu safi maana safi kabisa ni 9, na C ni kwamba kila ukibonyeza mlio hautulii, unateleza, tiu tiu, kama kifaranga.

Mi nashuku umeme kwanza. Uko kwa betri ya gari, sivyo? Toa antena, funga dami lodi ya om 50 (mzigo wa kumeza nguvu badala ya antena), weka multimita pale pale waya zinapoingia kwa transmita, siyo kwa betri, halafu bonyeza ushikilie. Kama ilikuwa 12.6 na inaanguka mpaka 11 na kitu, njo hapo: volti ya osileta, ile sehemu inayozaa frikwensi, inabadilika na frikwensi inahama nayo. Badilisha zile waya nyembamba ndefu, safisha klipu zenye kutu, na ikiendelea ipe osileta regileta yake peke yake (ya kushikilia volti isitikisike), ya volti 8 hivi. Volti isipotikisika hata kidogo basi ni stegi ya mwisho inaivuta osileta, weka bafa katikati, stegi ndogo ya kuzitenganisha.

Kusikiliza sasa. Risiva iliyo kando ya transmita inazidiwa, itakusikilizisha makelele ambayo hata si yako. Afadhali rudisha antena, uingie kwa intaneti kwenye risiva ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ilianza 2008, lakini fanya usiku maana mchana 7 MHz haikufikishi huko. Sauti inachelewa kidogo, kwa hiyo tuma koli sain (jina lako la redio) na nukta kadhaa kisha nyamaza usikie. Halafu isogeze hiyo risiva pembeni ya frikwensi yako 500 Hz, mpaka 1 kHz: ukisikia tak-tak bado, nukta zako zinaanza na kukatika ghafla mno. Zinatakiwa kupanda na kushuka kwa milisekunde 5 hivi, na kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika nukta nzima ni milisekunde 60, kwa hiyo hupotezi kitu, na mara nyingi kapasita moja kwenye sehemu ya kibonyezo inatosha.

Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ubaki na betri tu. Ukiisha, ni chaja.

Na zile stesheni za Reverse Beacon Network, zinazosikiliza Morse zenyewe na kuripoti kwa intaneti, usizitegemee kwa hili, zitakupa desibeli na mwendo wako, ubaya wa sauti hazisemi.